Mbuzi wa Mtakatifu Antoni

Yosefu Tsofa hakuwa na viatu vya Jumapili. Hakuwa na saa, wala baiskeli, wala mwavuli, wala jino la mbele upande wa kushoto. Hakuwa na mke, kwa kuwa aliyemwoa alifariki kabla hawajamaliza mwaka, wala hakuwa na mtoto. Hakuwa na shamba, kwa kuwa la baba yake kule Kaloleni lililimwa na ndugu zake sita, na yeye wa saba akikosa hata pa kusimamisha jembe. Hakujua kusoma. Hakuwa na kadi ya chama, katika miaka ambayo hata wauza maji walikuwa nazo mbili. Na juu ya yote hayo, hakuwa na somo wake.

Hili la mwisho nilieleze. Sisi Wakatoliki, mtu akibatizwa hupewa jina la mtakatifu, na mtakatifu huyo ndiye somo wake. Yeye humwombea huko mbinguni, na mwenye jina hujaribu kumwiga huku duniani, katika kazi na katika mwenendo. Tsofa alipewa jina la Yosefu, seremala, mtu wa kazi nyingi na maneno machache. Lilimfaa, maana alikuwa akipigilia masanduku katika ghala moja karibu na bandari, na kwa siku alitumia misumari mingi kuliko maneno. Lakini hakuwahi kuwa hata na picha ya Yosefu. Sisi wengine tulikuwa na vijipicha vya masomo wetu ndani ya vitabu vya sala. Tsofa hakuwa na kitabu.

Alichokuwa nacho ni kitu kimoja tu: ufunguo.

Tulikuwa Wakatoliki kama thelathini pale Mikindani, Wagiriama, Waduruma, Wataita, Wakamba na Waluo wawili wa reli, na hatukuwa na kanisa. Bi Mwanabibi binti Khatibu, mjane wa ukoo wa zamani, ndiye aliyetusitiri. Nyumba yake ilikuwa na vyumba sita, akatupa kile cha pembeni chenye mlango wake, tusali rozari humo. Aliweka masharti mawili. Ngoma zisipigwe wakati wa swala, na kizingiti chake kisivukwe na pombe wala nguruwe. Alisema mara moja tu, maana hakuwa mtu wa kurudia. Ufunguo hakunipa mimi Lewa, niliyekuwa karani na nimehitimu darasa la jioni kwa cheti. Alimpa Tsofa. Alisema ndiye peke yake kati yetu aliyefuta miguu kabla ya kuingia. Sisi tulikuwa na viatu.

Tsofa aliuvaa ufunguo ule shingoni kwa kamba ya katani. Alifagia chumba asubuhi na jioni, akatengeneza mabenchi kwa mbao zilizotupwa ghalani, na mtu akimwuliza kazi yake alianza kutaja ufunguo kabla ya masanduku.

Mwaka 1960 Padri wetu, Mwairishi, kabla ya kwenda kwao likizo alituletea habari njema. Mfadhili mmoja wa huko Ulaya amejitolea kutupa sanamu moja, ya mtakatifu yeyote tumtakaye, nasi tuchague katika kitabu cha picha. Wengi walitaka Bikira Maria. Tsofa, ambaye hakuwahi kusimama mkutanoni, alisimama. Alisema tu kwamba Yosefu ni mtu wa kazi na sisi ni watu wa kazi, akaketi. Tukampa. Barua ya kuagiza niliiandika mimi.

Miezi mitano baadaye kreti ilifika, tukaisukuma kwa mkokoteni hadi chumbani kwangu katika landi za Changamwe, zile nyumba za safu za wafanyakazi. Tsofa aling'oa misumari kwa heshima, mmoja mmoja, akiinyoosha na kuipanga. Ubao wa mbele ukatoka. Mzee mwenye ndevu, sawa. Kanzu ndefu, sawa. Fimbo mkononi, sawa. Tsofa alikuwa ameshapiga magoti. Nikaondoa nyasi kavu zilizojazwa chini, na pale miguuni pa mtakatifu akatokea nguruwe. Alikuwa na njuga shingoni, na ametuinulia pua kama anayengoja makombo.

Tsofa aliigusa njuga kwa kidole. Kisha akaniuliza, "Lewa, Yosefu alifuga?"

Nilifungua kile kitabu. Namba ya kila sanamu ilikuwa chini ya picha yake, nami katika barua niliandika ile ya juu. Wakati ule niliwalaumu waliochapa kitabu. Leo nasema kosa lilikuwa langu.

Aliyekuja alikuwa Mtakatifu Antoni wa Misri, mkaa jangwani. Nilimsoma katika kitabu cha watakatifu, nikamsomea Tsofa. Alizaliwa katika nyumba ya mali. Siku moja kanisani alisikia Injili ikisema nenda ukauze ulivyo navyo, uwape maskini, naye hakungoja hata misa iishe. Akatoa vyote, akaenda jangwani kusali na kusuka mikeka. Wafugaji humwomba awaombee mifugo yao, na ndiyo maana huchorwa na mnyama.

"Alikuwa na bahati huyo," akasema Tsofa. "Alikuwa na vya kutoa. Mimi nitamwiga kwa lipi?"

Niliandika barua ya pili kuomba tubadilishiwe. Shida ni kwamba majibu yangechukua miezi, na Bi Mwanabibi alikuwa ameshasikia. Alikuwa na desturi isiyovunjwa. Yeyote atakayelala chini ya paa lake, hata usiku mmoja, huletwa kwanza barazani aulizwe jina, kwao na kazi. Kwa hesabu yake sanamu ingelala chini ya paa lake. Kila Tsofa alipopita kufagia, aliulizwa mgeni yuko wapi. Siku ya nne akaambiwa kwamba mgeni kufika mjini asiletwe nyumbani ni kumtukana mwenye nyumba.

Nilipendekeza msumeno. Tsofa alinitazama kama niliyependekeza kumkata yeye. Mnyama ameshikana na mguu wa mtakatifu, alisema, akitoka atatoka na vidole viwili. Akafikiri, akashika ufunguo wake shingoni, akafikiri tena. Kumleta nguruwe ni kuvunja sharti na kukosa chumba. Kutomleta mgeni ni utovu wa adabu, na ni kukosa chumba vilevile. Ikabaki njia moja. Akajifungia kwangu jioni nne.

Alipomaliza, nguruwe alikuwa mbuzi. Pembe zilikuwa za mti wa mwarobaini, zimepinda vizuri. Ndevu zilikuwa za katani. Pua aliirefusha kwa chokaa na gundi, masikio akayalaza, na mwili wote akaupaka rangi nyekundu iliyoiva, ya mabehewa ya reli, iliyobaki chini ya kopo. Njuga aliiacha, kwa kuwa hata mbuzi huvaa njuga. Mimi mwenyewe, niliyejua, nilipoingia ghafla nilimwambia mbuzi atoke.

Tukampeleka barazani. Bi Mwanabibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, miwani puani, uso umetulia. Tsofa alitoa shikamoo, akapewa marahaba, kisha maswali yakaanza.

"Jina lake nani?"

"Antoni, bibi."

"Kwao wapi?"

"Misri."

Bi Mwanabibi aliinua kichwa. Siku hizo kila mtu alikuwa akiulizwa yeye ni wa pwani au wa bara, na watu walikuwa wakinuniana kwa jibu. Mtu wa Misri hakuwa wa huku wala wa kule. "Misri ni kwa watu wa elimu," akasema. "Na kazi yake?"

"Kusali, bibi. Na kusuka mikeka."

"Mke?"

"Hakuoa."

"Masikini." Akamtazama mtakatifu toka kichwani, taratibu, mpaka akafika chini. "Na huyu aliyefuatana naye?"

 Tsofa hakuwahi kusema uongo, na nilijua hataweza.

"Ndiye huyo umwonaye, bibi," akasema.

Bi Mwanabibi alitazama kidogo zaidi. Alizunguka nyuma ya sanamu, akarudi, akaketi. "Haya. Mgeni na akaribie," akasema, akaagiza tuletewe kahawa.

Ningeweza kuishia hapo kama si Kaviha. Kaviha alikuwa mama wa Kiduruma, mmoja wetu, muuza maziwa. Aliposikia kwamba tumepata mtakatifu mwenye mbuzi, Jumapili iliyofuata alimleta mbuzi wake aliyevimba kiwele, akamfunga kwenye benchi. Tukasali Salamu Maria tatu, kwa kuona aibu kumkatalia. Jumanne mbuzi akapona. Jumapili ya pili walikuja mbuzi wanne, na mwezi wa Desemba ulipofika nilihesabu kumi na mmoja, wakiitikia sala mahali pasipo pao. Mzee mmoja alileta kuku, akaambiwa na Kaviha kwamba huyu ni wa mbuzi, kuku atafutiwe mwingine. Akaja hata mtu mmoja wa kutafuta kura, maana uchaguzi ulikuwa karibu. Alipoona umati huo hakuuliza, alimwinamia mtakatifu akidhani ni mwanzilishi wa ushirika, akatuahidi malisho.

Bi Mwanabibi alilalamika juu ya jambo moja tu, vinyesi uani. Tsofa alifagia mara nne kwa siku.

Lakini Tsofa hakuwa sawa. Alikuwa akija mapema kabla ya wengine, anapiga magoti, na nilipomchungulia nilimwona hamtazami mtakatifu, anamtazama mbuzi. Nikamwuliza. Alisema kila akifumba macho asali anaona pembe. Alisema hakusema uongo kwa mdomo, ila aliusema kwa patasi na gundi, tena kwa mtu aliyempa ufunguo. Na kila akijaribu kwenda kumwambia, miguu humrudisha, maana akimwambia watu thelathini hawatakuwa na pa kusali, naye hatakuwa na kitu.

Januari mwaka 1961 mambo mawili yalikuja pamoja. Padri alirudi kutoka likizo, akatuma neno kwamba Jumapili ya tarehe kumi na tano, kabla ya sikukuu ya Antoni, atakuja kututolea misa na kubariki sanamu. Na majibu ya barua yangu yakafika. Wauzaji wa sanamu waliomba radhi kwa kosa, wakasema Yosefu yuko tayari amefungwa, tumrudishe Antoni nao watamtuma papo hapo.

Nilimkimbilia Tsofa ghalani. Nilimwambia tumfunge mzee kesho, tumpeleke bandarini, Padri asimwone, bibi asijue, na yeye apate somo wake aliyemlilia miaka yote. Niliona jina la Yosefu lilivyomgusa. Alishika nyundo bila kupiga.

"Tukimtoa kwa mlango wa nyuma," akasema, "nitakuwa nimemdanganya bibi mara mbili. Nitamwambia Jumapili, misa ikiisha."

Misa haikuisha. Chumba kilijaa, mbuzi wakiwa tisa. Padri alihubiri juu ya Antoni kwa Kiswahili chake cha kitabuni, akisema utakatifu si wa jangwani peke yake, ni wa mtu kufanya vema jambo dogo lililo mbele yake, hata kufagia. Kaviha alimgusa Tsofa begani. Bi Mwanabibi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa, kwa kuwa padri alikuwa mgeni wa nyumba yake na hakutaka aondoke mdomo mkavu. Na wakati huo huo mbuzi wa Kaviha, yule yule aliyepona, alijivuta hadi mbele, akanusa zile ndevu za katani, akaziona zinafaa, akazitafuna.

Aling'ang'ania zilipogoma. Ndevu zilitoka na kidevu, kidevu kikatoka na pua ya chokaa, na pembe moja ikaanguka sakafuni, ikaviringika mpaka miguuni pa Padri. Padri akaiokota. Akaigeuzageuza. Akainama kumtazama mnyama, na uso wake ukafunguka kwa furaha, kama mtu aliyekutana ugenini na mtu wa kijiji chao.

"Lakini huyu ni nguruwe," akasema.

 Yule mbuzi wa Kaviha aliendelea kutafuna. Nilimtazama Bi Mwanabibi. Alikuwa palepale, sinia mkononi, na vikombe havikutikisika.

Tsofa alitoka kwenye benchi. Alipita katikati ya watu na mbuzi akiwa miguu mitupu, akauvua ufunguo shingoni na kamba yake.  Alipiga goti mbele ya bibi, akamnyooshea ufunguo kwa mikono miwili.

"Bibi, nilivunja sharti lako. Hawa wenzangu hawana kosa, mikono ni yangu. Chukua chako."

Bi Mwanabibi alimpa Kaviha sinia amshikie. Aliuchukua ufunguo, akautia kiganjani, akautazama.

"Tsofa," akasema, "mbuzi wa kwenu mikia yao imekunjwa hivyo?"

Sote tuligeuka. Nyuma ya mnyama, umepakwa vizuri rangi ya behewa, kulikuwa na mkia mdogo uliojiviringa kama kizibuo. Jioni nne za kazi, na hakuna kati yetu aliyeukumbuka.

"La, bibi."

"Wala wa kwetu. Nimefuga mbuzi tangu nikiwa mwali. Siku ile barazani nilizunguka nyuma, nikauona."

"Na ukanyamaza?"

"Wewe ulificha kwa ajili yangu. Mimi nikufichue kwa ajili ya nani?" Akavuta mtandio wake. "Nguruwe haingii kwangu. Aliyeingia ni mbuzi, mkia wake una kasoro. Mrudishie pembe zake na ndevu zake, na mara hii utie gundi ya kutosha. Na hao wa kweli wabaki nje, nimechoka na uchafu wao."

Akauweka ufunguo mkononi mwa Tsofa, akaufunga mkono ule kwa mkono wake, kisha akachukua sinia na kumwambia Padri kahawa inapoa.

Padri alikunywa vikombe vitatu. Baadaye alimwita Tsofa na mimi kando, akasema ya barua ameyasikia, na kwamba aliyeomba somo wake ni Tsofa, basi Tsofa ndiye aamue kama Antoni arudi na Yosefu aje.

Jumapili ile alasiri tuliketi uani kwa Bi Mwanabibi. Tsofa alikuwa akichemsha gundi, na pembe mpya imeshachongwa. Nilitoa karatasi na kalamu, nikaandika anwani na tarehe kwa mwandiko wangu wa cheti, nikamwuliza aseme.

Alikoroga kopo kwanza. Alisema Yosefu ana makanisa mengi duniani na hatakosa pa kukaa, lakini huyu mzee akirudishwa huko watamvua mnyama wake pembe, na hakuna atakayejua kwa nini aliwekewa. Akakoroga tena. Akasema miaka yote alidhani hawezi kumwiga mtu aliyetoa vyote, kwa kuwa yeye hakuwa na chochote. Leo alikuwa na kimoja, akakitoa.

"Ulirudishiwa," nikasema.

"Nilipokuwa nikikitoa sikujua."

Kwa hiyo niliandika kwamba tunashukuru, Yosefu wasimtume, mzee amepata makazi. Nikamwuliza kama kuna la kuongeza. Kutoka jikoni Bi Mwanabibi, ambaye hakuwa akisikiliza, alisema watu waungwana hawamalizi barua bila salamu.

"Andika," akasema Tsofa, "mzee hajambo. Na mbuzi wake hajambo."

Niliandika hivyo hivyo, kwa Kiingereza safi. Tsofa akatia dole gumba. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka kwa joto, ikakataa kushika, basi akachovya kijiti katika kopo la pembe, akapaka ukingo, akaubana kwa dole lile lile huku akihesabu hadi mia. Kisha akafuta mikono, akautia ufunguo ndani ya shati, akaenda kwa miguu hadi posta ya Changamwe, akaitumbukiza barua sandukuni.